Sikukuu ya Vibanda na Mapumziko ya Maskini

Somo: Kumbukumbu la Torati 16:13–17. Lisomwe pia Marko 6:30–44.



Mwezi huu nataka tutafakari jambo ambalo wengine watalidhani kuwa dogo, lisilostahili mahubiri. Ni habari ya kambi za mapumziko, ambazo vyama vya hisani vya Kikristo huziandaa kwa ajili ya watoto, na vijana, na jamaa za watu wasio na kitu.

Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwaminifu na mwenye bidii, alisikia ya kuwa Wakristo wa nchi nyingine huchanga fedha ili watoto wa maskini wakae majuma mawili mlimani au kando ya ziwa, wale, waimbe, wacheze, na kulala usingizi. Akaniambia, "Mchungaji, sadaka ni ya Mungu, si ya mchezo. Mimi tangu utoto wangu sikupumzika, wala sikufa." Hakusema kwa ubaya. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake na mtungi kichwani, naye hakunena neno. Nimelichukua neno la mzee yule moyoni siku nyingi, na kimya cha mkewe pia. Leo napenda tuyajibu yote mawili kwa Maandiko.

Furaha iliyoamriwa

Musa aliwaagiza Waisraeli kwamba wakiisha kukusanya nafaka ya uwanjani na divai ya shinikizoni, wafanye sikukuu siku 7. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 23, twasoma tena kwamba siku hizo 7 watu wote wa Israeli waache nyumba zao, wakae katika vibanda vya matawi. Hiyo ndiyo Sikukuu ya Vibanda. Angalieni, ndugu, mambo matatu katika agizo hilo.

La kwanza, furaha yenyewe imeamriwa. Mungu hakusema, "Mkipata nafasi, mwaweza kufurahi." Aliiweka furaha katika sheria, pamoja na sadaka na sala. Sisi twajua vizuri kwamba kuiba ni kuvunja amri. Bali hatufikiri kwamba kumnyima mtu pumziko lake nako ni kuvunja amri. Someni Kumbukumbu la Torati 5:14. Pale, katika ile tunayoihesabu kuwa amri ya tatu, Mungu anasema habari ya mtumishi na mjakazi, ili nao wapumzike sawasawa na bwana wao. Tena anatoa sababu yake: Waisraeli walikuwa watumwa Misri. Mtu aliyetolewa utumwani asimfanye mwenziwe mtumwa tena.

La pili, wanaoalikwa wametajwa mmoja mmoja. Si mwenye shamba na wanawe tu. Yumo mtumishi, yumo Mlawi asiye na urithi wa nchi, yumo mgeni, yumo yatima, yumo mjane. Hao ndio wasioweza kujinunulia sikukuu. Mungu hakuridhika kwamba wapelekewe makombo baada ya karamu kwisha. Aliwataka wawepo wakati wa karamu. Basi sikukuu ambayo yatima wa mji ule hayumo haijatimia, hata zikiimbwa nyimbo nyingi namna gani.

La tatu, na hili ndilo nalotaka mlishike kuliko yote, watu wote walitoka nyumbani mwao. Tajiri hakubaki katika nyumba yake ya mawe na kumpeleka maskini vibandani. Alitoka mwenyewe, akakata matawi, akalala chini ya majani kama jirani yake. Katika kibanda hakuna aliye na sebule kubwa. Upepo unaompiga mjane unampiga na mwenye ng'ombe mia. Kwa siku 7 wote walikumbuka kwamba baba zao walikuwa wasafiri jangwani, wakaishi kwa mkono wa Mungu tu.

Jinsi Wakristo walivyotenda

Sasa nitawaeleza habari za watu wachache, mpate kuona kwamba neno hili si la zamani za Musa tu.

Huko Uswisi alikuwako mchungaji jina lake Walter Bion. Hakuwa Mlutheri, bali ni ndugu yetu katika urithi wa Matengenezo ya Kanisa. Kwanza alikuwa mchungaji katika nchi ya milima iitwayo Appenzell, kisha alihamia mji wa Zürich. Mjini aliwaona watoto wa maskini wakikaa katika nyumba zilizosongamana, penye giza na hewa mbaya, nao wamedhoofika. Shule zilipofungwa, watoto wa wenye mali walikwenda mashambani na milimani. Watoto wa maskini walibaki katika vichochoro vile vile. Likizo kwao haikuwa pumziko, ilikuwa njaa na kutangatanga.

Bion aliijua hewa ya milima, maana alikuwa ameishi huko. Mwaka 1876 aliomba msaada kwa watu wa mji, akachukua watoto 68, wavulana na wasichana, akawapeleka Appenzell kwa majuma mawili. Waalimu walifuatana nao, wakakaa nao. Watoto walikunywa maziwa, wakatembea juani, wakacheza, wakalala. Ndivyo ilivyoanza kazi iliyoenea upesi katika miji mingi ya Ulaya. Mwaka 1881 mchungaji Lorriaux na mkewe waliianza kwa watoto wa Paris, nao wakaiita kazi yao Majuma Matatu, kwa sababu ya muda wa mapumziko yale.

Mwaka mmoja baada ya Bion, yaani 1877, mchungaji mwingine huko Marekani, Willard Parsons, alikuwa akilitunza kanisa dogo la mashambani mahali paitwapo Sherman, katika jimbo la Pennsylvania. Aliwahubiri watu wake habari za watoto wa New York waliokaa katika nyumba za kupanga zilizojaa watu, akawauliza kama wangekubali kuwapokea wageni hao. Wakulima wale hawakujenga bweni nje ya kijiji. Walifungua milango yao wenyewe, wakawaketisha watoto mezani pamoja na watoto wao. Kazi aliyoianza haijakoma hata leo, nayo imekuwa na kambi zake.

Tena mwaka 1885 kijana mmoja wa Chama cha Vijana wa Kikristo, Sumner Dudley, aliwachukua wavulana 7 tu kupiga mahema kando ya ziwa katika jimbo la New York. Saba tu! Bali kambi hiyo yaendelea mpaka sasa, na jina lake yeye ndilo inaloitwa.

Wala si watoto peke yao waliokumbukwa. Katika Kanisa la Kilutheri la Bavaria, huko Ujerumani, Antonie Nopitsch alianza mwaka 1933 kazi ya kuwahudumia akina mama, ili wale waliochoka kwa ulezi na kazi za nyumbani wapate siku za kupumzika, kutunzwa, na kulisikia Neno la Mungu kwa utulivu. Baada ya vita wajane walikuwa wengi, na mizigo yao ilikuwa mizito. Mwaka 1950 Nopitsch alishirikiana na Elly Heuss-Knapp, mke wa rais wa kwanza wa Jamhuri ya Shirikisho la Ujerumani, wakaanzisha shirika la kuwapumzisha akina mama wa nchi ile, nalo lipo hata leo. Kumbukeni mama yule mwenye mtungi kichwani. Mungu alimkumbuka kabla yetu.

Maneno ya wanaopinga

Najua kwamba mtu atauliza, "Je, kazi hizi si anasa? Je, fedha hizi zisingefaa kununua dawa au vitabu?" Namjibu kwa habari ya mitume. Walirudi kwa Bwana wakiwa wamechoka, wala hawakuwa na nafasi hata ya kula. Bwana hakuwaambia kwamba mtumishi mwema hachoki. Aliwaita waende kando, mahali pasipo watu, wapumzike kidogo. Na Eliya alipolala chini ya mti akitamani kufa, malaika hakumletea makaripio. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale tena. Ndipo alipopata nguvu za kwenda mpaka mlima wa Mungu. Kama nabii alihitaji usingizi na mkate, mtoto wa kibarua asivihitaji? Mwili ni kiumbe cha Mungu. Anayeudharau hamheshimu aliyeuumba.

Tena sisi Walutheri tunafundisha kila Jumapili kwamba mtu hapati kibali kwa Mungu kwa mshahara wa matendo yake, bali kwa neema. Basi, mbona tukija kwenye pumziko twasema, "Apumzike yule aliyestahili"? Neema tunayoihubiri madhabahuni tusiigeuze kuwa ujira tukifika mlangoni.

Mwingine atauliza, "Watoto hawa, baada ya majuma mawili, hawarudi katika vichochoro vile vile?" Ni kweli, wanarudi. Hata Waisraeli walirudi nyumbani mwao siku ya 7 ilipopita. Lakini walirudi wakijua wao ni watu wa nani. Katika kambi nyingi za Ulaya za siku zile watoto walipimwa kwa mizani siku ya kuondoka, wakapimwa tena siku ya kurudi, ili waliotoa fedha wajue kwamba wamenenepa. Sisemi ni vibaya. Wenye kutoa sadaka wana haki ya kujua imetumika namna gani. Walakini liko jambo ambalo mizani haiwezi kulipima. Mtoto aliyezoea kuambiwa "ondoka hapa" ameitwa kwa jina lake na kuambiwa "karibu mezani". Atarudi na neno hilo, nalo halitapungua njiani.

Hata hivyo swali hili latupasa lituchome. Kambi haiwezi kuwa badala ya haki. Torati iyo hiyo iliyoagiza Sikukuu ya Vibanda yaagiza, katika sura ya 24, kwamba kibarua apewe ujira wake kabla ya jua kuchwa. Mtu akimpunja kibarua wake mwaka mzima, kisha akachanga shilingi kumi mtoto wa kibarua aende kambini, asidhani amemfurahisha Mungu. Amerudisha sehemu ndogo ya kitu alichokichukua.

Wa tatu atasema, "Watakwenda kucheza tu, wala Neno la Mungu halitakuwapo." Huyu namwambia asome Kumbukumbu la Torati 31:10–13. Kila mwaka wa 7, katika Sikukuu ya Vibanda, sheria ilisomwa mbele ya wanaume na wanawake na watoto na mgeni. Nehemia naye atueleza, sura ya 8, kwamba watu waliporudi kutoka uhamishoni walikaa vibandani, furaha ikawa kubwa sana, na kitabu kilisomwa siku kwa siku. Furaha na Neno havikugombana. Lakini tuwe na hadhari upande wa pili pia: Neno lisigeuzwe kuwa bei ya chakula. Bwana aliufundisha mkutano mkubwa, kisha akawaketisha katika majani, akawalisha wote wakashiba, wanaume 5,000, mbali na wanawake na watoto. Hakuuliza nani ameamini ndipo ampe mkate. Mtoto akija kambini asiye wa imani yetu, alishwe kama wetu, wala asilazimishwe kukiri asichokiamini.

Onyo kwa wachungaji na waalimu

Sasa nasema neno zito, nanyi mnistahimili. Mtoto akitoka kwa wazazi wake, amewekwa mikononi mwa watu wengine usiku na mchana. Mzazi maskini huogopa kuuliza maswali, maana anadhani mwenye kupewa bure hana haki ya kuuliza. Katika miaka yetu makanisa ya nchi nyingi yamelazimika kuungama kwamba watoto walidhuriwa, hata kunajisiwa, katika nyumba na shule na kambi zilizokuwa chini ya jina la Kristo, na kwamba wakubwa walijua wakanyamaza ili jina la kanisa lisiharibike. Ndugu, jina la kanisa huharibiwa na kunyamaza. Bwana alinena habari ya jiwe la kusagia na vilindi vya bahari kwa ajili ya mtu amkosezaye mdogo mmoja; imeandikwa katika Mathayo 18.

Kwa hiyo, yeyote anayeongoza watoto achunguzwe kwanza, hata akiwa mtoto wa mchungaji. Mtu mzima asilale peke yake na watoto, wala asijitenge na mtoto mmoja mahali pa siri. Watoto waambiwe siku ya kwanza ni nani wa kumwendea wakitendewa mabaya. Na mtoto akisema, asikiwe. Wala shauri lisimalizwe na wazee chini ya mti kana kwamba ni kesi ya kuku, bali lipelekwe kwa wenye mamlaka ya serikali. Hata maji yana hatari yake: ziwa lisilo na mwangalizi anayejua kuogelea si mahali pa kuwapeleka watoto wa watu.

Tena jihadharini na aibu. Wako watendao hisani kwa namna ya kumvua mtu heshima yake. Humpanga maskini mstari mmoja na mwenye kulipa mstari mwingine, humpiga picha na sahani yake, humwambia ashukuru kila asubuhi. Musa asema katika somo letu kwamba kila mtu atoe kama awezavyo, kwa kadiri ya baraka aliyopewa na Bwana. Basi mwenye nacho atoe zaidi, mwenye kuku alete kuku, asiye na kitu aje na mikono yake kusaidia kukata kuni. Anayejua nani amelipa na nani hakulipa awe mtunza fedha peke yake, naye afunge kinywa chake.

Neno kwa sharika zetu

Labda msomaji anasema, "Sisi hatuna fedha za Zürich." Mimi sikuambii ujenge nyumba mlimani. Bion alianza na watoto 68, Dudley na 7. Sharika mbili jirani zaweza kupatana: shule zikifungwa na mavuno yakiisha kuingia, vijana wa usharika mmoja wakaribishwe siku 3 au 4 katika uwanja wa usharika wa pili. Pawe na sala ya asubuhi na ya jioni, somo la Biblia, nyimbo, mpira, hadithi za wazee usiku penye moto, na usingizi wa kutosha. Yatima wa kijiji waandikwe kwanza katika orodha, si mwisho. Mtoto kiwete asiambiwe kwamba njia ni mbali. Atafutiwe wa kumbeba.

Na watoto wa wenye mali waende pia, walale kwenye mikeka ile ile, wale ugali wa sufuria ile ile. Wazazi wao vilevile waende. Hilo ndilo fundisho la vibanda. Kambi ya kumpeleka maskini ni hisani nzuri. Bali kambi ya kutoka pamoja na maskini ni sikukuu. Yule wa kwanza atarudi akisema, "Walinisaidia." Yule wa pili atarudi akisema, "Tulikuwa pamoja." Na hata Bwana wetu hakutupelekea wokovu kutoka mbali. Mtume Yohana, katika sura ya kwanza ya Injili yake, atumia neno ambalo kwa Kiyunani lina maana ya kupiga hema: Neno alifanyika mwili, akapiga hema yake katikati yetu. Aliacha nyumba yake, akaingia kibandani mwetu, upepo ukampiga kama sisi.

Jambo moja la mwisho. Mkifanya kambi ya jamaa nzima, baba na mama na watoto, msiwaweke akina mama jikoni siku zote 4 na kuiita kazi hiyo mapumziko yao. Wanaume wateke maji. Wanaume wakoroge ugali, hata kama utakuwa na madonge. Akina mama waketi kivulini, wasikie Neno tangu mwanzo hata mwisho pasipo kuondoka kwenda kutazama chungu. Maria aliketi miguuni pa Bwana, na Bwana hakukubali aondolewe pale.

Na yule mzee wangu, kama anausoma ukurasa huu, namsihi kwa upendo. Baba, ulisema hukupumzika wala hukufa. Namshukuru Mungu aliyekulinda. Lakini leo jioni, mkewe akiutua mtungi, amwulize kwa upole siku gani yeye alipumzika. Asimjibie, amngoje aseme mwenyewe.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu, wewe uliyepumzika siku ya saba si kwa kuchoka bali kwa kuifurahia kazi yako, utufundishe kufurahi mbele zako. Utusamehe kwa kuwa tumejifungia nyumbani na furaha zetu, na yatima amekaa nje. Uwalinde watoto wote waliowekwa mikononi mwa watu wako, na kila atakaye kuwadhuru umzuie. Uwape waliochoka mahali pa kulala, mkate, na neno lako. Utukusanye sote siku ya mwisho katika sikukuu isiyo na siku ya kurudi, kwa ajili ya Yesu Kristo, Bwana wetu. Amin.